Kijiti Chenye Joto na Mipopla ya Taisto

Alhamisi, 12 Desemba

Binti yangu Tuire kanionya mezani, mbele ya mbwa. Siku hizi yeye ndiye kiongozi wa wawindaji wa kijiji; mimi niliyemfundisha kushika bunduki naomba ruhusa kama mtoto wa shule. Kasema Jumamosi ni msako wa mwisho, na kibali kimebaki cha elki mmoja tu, kulungu yule mkubwa kama farasi. Nisipompiga mimi, mwakani bunduki inabaki nyumbani. Nitashika upawa, niwapikie wenzangu supu ya njegere.

Mimi! Upawa!

Yote kwa sababu mwaka jana nilipiga kisiki. Kilikuwa na theluji mgongoni na kimepiga magoti. Yeyote angepiga.

Nikashauri upawa apewe jirani yetu Taisto, mwenye mdomo wa kuonja mambo ya watu. Tuire akanijibu, "Baba, Taisto hajawahi kuua kisiki." Mbwa wetu Rontti akainuka akaenda kulala chumba kingine. Hata yeye aliona haya.

Ijumaa, 13 Desemba

Akili inafanya kazi! Elki, na pua yake kama gunia la viazi, haachi matawi ya mti wa mpopla. Mipopla iko kwa nani? Kwa Taisto, ukingoni mwa shamba lake. Taisto yuko wapi? Mjini, anang'olewa jino. Mungu ni mkubwa.

Nikaangusha miti kadhaa kwa shoka. Nikapakia matawi kwenye sleji ya kuteleza thelujini, nikayaburuta hadi kituo cha saba cha kuvizia, kando ya kinamasi. Mgongo unalia. Mengine nimeyaacha pale pale kwenye visiki. Mimi si punda. Kesho elki wote wa wilaya watakuwa kituo cha saba. Nami pia.

Vituo tunagawana kwa kura, vijiti vyenye namba ndani ya kofia ya Tuire. Vijiti vinalala kwenye kibanda cha wawindaji, baridi kama chuma. Cha saba nimekiiba. Asubuhi nitakipasha jikoni, nikirudishe kofiani kimyakimya, kisha nipapase chenye joto. Basi! Sijui kwa nini sikufanywa waziri.

Jumamosi, 14 Desemba

Balaa! Tuire akaamuru wazee watangulie, na Taisto amenizidi miezi kadhaa. Akavua glavu, akaingiza mkono, uso ukamng'aa. "Jamani, humu kuna kimoja kina joto! Kitamu!" Hakukiachia tena.

Mimi nikatoa namba moja. Ukingoni mwa shamba la Taisto! Tangu enzi za marehemu baba hapajapita hata sungura. Taisto, shavu limevimba, akanipiga begani: "We Armas, ukikutana na kisiki, mwonee huruma!" Wote wakacheka. Tuire naye, damu yangu mwenyewe.

Nikakaa. Digrii ishirini chini ya sifuri. Ndevu zimeganda, kahawa imekwisha, naona upawa tu. Kwenye redio Taisto ananong'ona kwamba huko kwake mtu kamwaga matawi kama ya harusi, sasa bwana harusi yuko wapi?

Rontti akabweka mbali. Kisha karibu. Kisha nikasikia mtu anatafuna nyuma yangu.

Nikageuka. Dume! Pembe upande mmoja tu, nyingine imeshadondoka, kichwa kimelala upande kama anasikiliza habari. Amesimama kati ya visiki nilivyokata, anakula matawi niliyoyaacha kwa uvivu!

Nikamtazama vizuri. Kisiki hakitafuni. Nikapiga. Risasi moja! Akalala.

Nikashika redio nikatangaza: kituo cha kwanza, elki chini, mpeni Taisto upawa!

Jumapili, 15 Desemba

Karamu kibandani. Taisto ndiye aliyekoroga supu. Niliomba niongezwe mara mbili. Sikuwa na njaa.

Ila niandike na hili. Jana Tuire ndiye aliyefika wa kwanza. Alinikumbatia hadi kofia ikanidondoka. Kisha akainama kwenye visiki. Shoka langu lina pengo, kila pigo linaacha mstari, na pengo lenyewe alilitia yeye alipokuwa mdogo. Akaniuliza sikioni hii mipopla ni ya nani. Nikasema labda imeota hivyo hivyo, mifupi.

Akacheka mpaka akakaa kwenye theluji. "Umepiga vizuri, Baba. Mwizi mkubwa we." Hukumu yake: bunduki ni yangu na mwakani. Lakini niende nikaungame kwa Taisto, nimpasulie hiyo miti kuni, nizipange.

Bunduki ni yangu! Mengine sikusikia vizuri.

Jumanne, 17 Desemba

Nimeungama. Nilimwambia Taisto kulikuwa na upepo mkali. Akauliza upepo gani unatumia shoka. Kashinda dirishani na kikombe cha kahawa, ananielekeza: rundo limepinda, mzee, panga upya. Nikapanga upya. Tuire kapita, kanitazama, kasema anaona nimelitafakari kosa langu.

Kweli nimelitafakari. Kosa langu lilikuwa joto. Mzee gani anaachia kitu chenye joto asubuhi ya Desemba? Mwakani nitakitaka kituo cha kwanza, na kijiti nitakilaza nje kwenye theluji usiku kucha. Taisto akikigusa atakitupa mwenyewe.

Nimeshakichukua. Nimekifukia kwenye theluji chini ya dirisha langu, kianze kuzoea.