Tausi Kumi na Wanne wa Mama Ange

Jumanne, 1 Julai 2025

Mama Ange ameondoka leo kwenda Nyakitonto. Binti wa dada yake kajifungua mapacha. Atarudi Ijumaa ya tarehe 18. Aliniachia maagizo matatu: kuku wafungiwe, sala ya jioni isirukwe, sanduku la bati lisiguswe.

Sanduku hilo! Ndani yake kuna vitambaa vya sebuleni kumi na vinne, vyeupe pe, kila kimoja kimedariziwa tausi aliyetandaza mkia, na lesi pembeni. Vya makochi, vya meza, cha televisheni, cha friji. Mama Ange amevidarizi kwa mkono wake, miaka miwili, macho yakimtoka. Ni vya binti yetu Ange, aingie navyo kwa mumewe Oktoba 4. Mume mwenyewe ni Fidele, fundi umeme wa Kibondo, kijana mpole. Kwetu sisi, binti asiyeingia na vitambaa vyake ameingia na njaa yake tu. Kwa hiyo vimelala humo na vidonge vya nondo. Havionwi na mtu!

Nimewaza. Mimi ni wa darasa la saba, lakini Injili naisoma. Yule mtumishi aliyefukia talanta ardhini alifanywaje? Alitupwa nje gizani! Na sisi tumefukia tausi kumi na wanne. Niliogopa kwa niaba ya Mama Ange.

Mimi ndiye katibu wa jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika. Ratiba ya nyumba za kusalia kila Jumamosi inakaa mfukoni mwangu. Najua kina mama wanavyohangaika zamu ikiwafika: kochi limechanika, linafunikwa kanga, kanga inateleza, mzee wa watu anakalia sponji. Basi vitambaa viende kwa mwenye zamu, na mwenye zamu anishukuru kwa alichonacho. Hata siyo biashara. Ni utume.

Jumamosi, 5 Julai

Ushindi! Jumuiya imesali kwa Epifania, muuza dagaa, mwenye sauti ya kengele. Watu waliingia wakasimama mlangoni. Epifania akasema, kama tulivyokubaliana, kwamba vitambaa kaletewa na shangazi yake wa Kigoma mjini.

Nadine, jirani yake na mshindani wake tangu enzi za mahari, alikaa ukingoni mwa kochi rozari nzima, akakataa kuegemea. Aligusa lesi kama anayempima mtoto homa. Baada ya sala akanivuta nyuma ya nyumba. Akaniuliza Jumamosi ijayo ni zamu ya nani. Nikamwambia ni yake. Akasema anajua ni yake, na anajua Epifania hana shangazi Kigoma. Anataka tausi walewale, na asiletewe kuku wa kuchorwa.

Jioni Epifania akaleta jogoo. Mwekundu, mnene. Nimemshukuru Mungu.

Jumamosi, 12 Julai

Kwa Nadine. Jambo moja sikuliwaza: jumuiya ni ileile, macho ni yaleyale, na tausi ni walewale! Nilitambua hilo tukiwa tunaimba wimbo wa mwanzo. Nikakaa nasubiri radi.

Haikupiga. Epifania ndiye aliyesimama wa kwanza. "Jamani Nadine, ulikuwa unatuficha! Vitambaa vya namna hii hatujawahi kuviona." Nadine akamjibu kwamba ni kweli, hata shangazi za watu huko Kigoma hawana. Wakakumbatiana, kila mmoja akimfinya mwenzake. Kina mama wengine sita wakasifu kwa sauti. Wote sita wamo kwenye ratiba yangu.

Mwalimu wa katekisimu peke yake, mwanamume asiye na haya, aliuliza kama jumuiya imebadili msimamizi, tumetoka kwa Mtakatifu Monika tumehamia kwa Tausi. Hakuna aliyecheka. Tukaingia kwenye matangazo.

Nilitubu njiani nikirudi. Nyumbani nikakuta debe la mihogo.

Jumatatu, 14 Julai

Hilali kanipata. Huyu anauza lesi, nyuzi na mapazia sokoni Kasulu, mtu wa swala tano, na jamaa zake wa Tanga humletea mzigo. "Bwana Katibu, unafuga ndege wa kukodisha na hunambii?" Nikamwuliza kasikia wapi. Akasema soko zima limesikia, limebaki kanisa tu.

Ana mteja wake Kibondo. Mama wa heshima. Jumapili ya tarehe 20 atakuwa na wageni wakubwa na anataka sebule iwatoe jasho. Nikamwuliza jina. Akasema muuza vitambaa ni kama padre kwenye kiti cha kitubio, hatoi majina. Nilimheshimu kwa hilo, ingawa mfano ni wa kwetu. Malipo ni dumu la asali ya porini. Nimempa vyote kumi na vinne.

Ajabu ya Mungu: Jumapili hiyohiyo na sisi tumealikwa Kibondo! Tunakwenda kwa wakwe, kuiona nyumba atakayoingia Ange. Hatujawahi kufika. Basi tukitoka kwa wakwe nitavipitia vitambaa stendi, Hilali kasema vitaachwa hapo, nauli moja kazi mbili. Mama Ange nitamwambia ni mzigo wa parokia.

Sandukuni nimeweka mablanketi mawili na kalenda za zamani. Uzito ni uleule. Nimelinyanyua mara tatu kuhakikisha.

Ijumaa, 18 Julai

Mama Ange amerudi. Mapacha wazima. Tulifurahi kama dakika kumi. Halafu akasema anataka kutoa kitambaa kimoja tu sandukuni, akakionyeshe Kibondo Jumapili, ili mama yake Fidele aone mkono uliomlea Ange.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nikasema tumbo linaniuma, nikaenda chooni. Nilirudi peke yangu.

Nikamwambia ufunguo umepotea. Akanitazama. "Kwa hiyo twende mikono mitupu, Baba Ange?" Nikamjibu kwamba mikono yenye sala si mitupu. Akasema "Ego," yaani sawa kwa Kirundi chetu, akaenda kumenya ndizi.

Mke mwelewa ni zawadi.

Jumapili, 20 Julai

Nyumba ya wakwe ni nzuri, bati la bluu. Mama Fidele, jina lake Niyubahwe, alitupokea mlangoni kwa kutukumbatia, ukoo wote nyuma yake. Nikaingia. Nikaona mkia. Kisha mkia wa pili.

Tausi kumi na wanne! Kwenye makochi, kwenye televisheni, kwenye friji, wote wananitazama kama mashahidi mahakamani. Nilitaka kurudi nje, lakini Baba Fidele alikuwa akinisukuma kwa ukarimu. Nikakaa. Nilikalia tausi.

Mama Ange alisimama katikati ya sebule. Akakaa taratibu, akakigeuza kitambaa kwenye ncha, akatazama nyuma yake, kule ambako mafundi wanaficha mafundo ya uzi. Akakirudisha. Akakilainisha kwa kiganja kama anamlaza mtoto.

Nikapiga hesabu ya hatari. Tukisema ni vyetu, tumemuumbua mama wa kijana mbele ya ukoo wake, na ndoa ya Ange imekufa leo. Tukinyamaza, nikivifuata baadaye Mama Ange ataniona, na nitakayekufa ni mimi. Nikasali Salamu Maria tatu macho wazi.

Mama Ange akauliza, kwa sauti ya upole kabisa, fundi ni nani. Mama Fidele akatazama dari. Akasema ni yeye mwenyewe. Akaulizwa ilimchukua muda gani. Miezi minne. "Hongera, mkwe," Mama Ange akasema. "Mimi ningetumia miaka miwili."

Hapo nikapata wazo. Na lilikuwa wazo zuri! Nikasimama nikasema vitambaa hivi ni vya thamani mno kukaliwa na watu wenye vumbi la safari. Viondolewe, vikunjwe, hata mimi nitasaidia kukunja, na mfuko ninao. Nikaanza na cha friji.

Baba Fidele akaguswa. Maskini, hakujua kama mkewe kavikodi, ilionekana usoni. Akagonga glasi kwa kijiko. Akatangaza kwamba hajawahi kuona mkwe mwenye heshima kama mimi, na kwa kuwa tumevipenda kiasi hiki, basi seti nzima ni zawadi ya Ange, itamsubiri hapahapa. Vigelegele! Mama Fidele akaangusha sinia la wali.

Nikakaa tena. Sasa ilikuwa mbaya zaidi. Vitambaa vya Ange kapewa Ange na watu wasio na vitambaa. Na siku ya harusi, ukoo huu wote ukitazama, binti yangu ataingia bila hata cha kufunika birika.

Mama Ange akainuka, akasema anakwenda kumsaidia mkwe kufagia wali. Wakaingia jikoni, wakafunga mlango. Nikahesabu mikia yote, nikarudia. Halafu kicheko, cha watu wawili.

Sijawahi kuogopa kicheko namna hiyo.

Jumatatu, 21 Julai

Njia nzima jana Mama Ange alisali rozari. Leo asubuhi kazungumza.

Kule jikoni alimwambia Mama Fidele ukweli wote, kwa Kirundi, polepole. Mwenzake akalia. Akasema alisikia wageni wanatoka Kasulu mjini, akayaona makochi yake, akaona aibu. Mama Ange akamwambia na yeye alitaka kuja na kitambaa kimoja kumtisha. Ndipo walipocheka. Wakapatana: tausi wabaki Kibondo kwa jina la Mama Fidele, asiumbuke kwa mumewe. Mwezi wa nane Mama Fidele aje kwetu na nyuzi, afundishwe kudarizi, na wawili hao watengeneze seti ya pili ambayo Ange ataingia nayo. Waume wasiambiwe. Mimi nimeambiwa kwa sababu mimi ndiye mwizi.

Nikajitetea kwa talanta. Akaniambia mtumishi yule alipewa ya bwana wake, hakuiba ya mkewe.

Kisha akafungua kifuko cha rozari, akatoa ufunguo wa pili. Ijumaa ileile nilipokuwa chooni alilifungua sanduku, akakutana na mablanketi na kalenda. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza. Akasema alitaka kuona nitafika wapi. Sasa amejua. Kibondo.

Adhabu: nitashona lesi ya vitambaa vyote vipya, pande nne kila kimoja. Jogoo ameenda kwa mama wa mapacha. Asali imehifadhiwa kwa ajili ya Mama Fidele. Mihogo nilikuwa nimeshaila.

Nilikwenda kwa Hilali kugomba. Alicheka mpaka akashika meza ya lesi. "Bwana Katibu, umemkodishia mkweo akukalishe wewe mwenyewe!" Nikamwambia angenipa jina. Akaniuliza mimi nilimwambia naenda kwa nani. Mambo ya familia ni siri.

Lakini ukitazama vizuri, nini kimeharibika? Wakwe wamependana. Vitambaa vya Ange vimefika kwa mumewe miezi miwili kabla ya harusi, bila nauli. Nani alivipeleka? Mimi.

Jumatano, 20 Agosti

Mama Fidele yuko kwetu wiki ya pili. Wanakaa barazani na Mama Ange, fremu za kudarizia magotini, nyimbo za Kirundi mdomoni. Safari hii ni korongo wenye taji. Tisa tayari. Korongo wa kwanza Mama Fidele alimtoa kama bata, wa nne anaruka.

Na mimi nashona lesi. Vidole vitatu vimetobolewa, lakini pindo zangu sasa zimenyooka. Jana Mama Ange alikigeuza kitambaa cha tisa, akatazama nyuma, akasema hiki kinaweza kuonwa na watu. Kuonwa na watu! Maneno hayo hayajanitoka.

Leo Hilali kapita na nyuzi za dhahabu. Akanong'ona kwamba kuna familia ya Buhigwe inapokea posa Ijumaa, Oktoba 3. Tausi hawawataki, kila mtu ameshawajua. Nikamkatalia pale pale. Nikamwambia mimi ni mtu aliyetubu.

Akataja mbuzi jike, mwenye mimba.

Safari hii nimekuwa makini. Nimeuliza jina kwanza! Si mkwe, si ndugu, si mwanajumuiya. Wala hawana safari ya Kibondo. Nimeuliza yote hayo mara mbili, mtu asiseme sijifunzi. Basi tumeelewana: avichukue vitambaa vya korongo Alhamisi, Oktoba 2, kina mama wakiwa mazoezi ya kwaya, avirudishe Jumamosi alfajiri.

Harusi ni saa nne asubuhi, siku hiyohiyo. Muda upo, hata wa kupiga pasi.