Vitunga vya Mjane wa Rurambo

Jumapili ya kwanza ya Majilio, Venant aliingia kanisani kwa sababu ya mvua. Baadaye alipenda kusema kwamba ile biashara alionyeshwa na Mungu, na ni kweli kwamba kama asingekuwako mbinguni wa kuamuru mvua, Venant angekuwa kwenye kinywaji.

Wakati wa matangazo alisimama Mama Laure, mke wa mwenye hoteli ya kando ya ziwa na mkubwa wa kundi la akina mama wenye uwezo. Akisimama yeye, hata watoto wachanga huahirisha kilio. Alisema Noeli hii ni aibu mtu kumpa mwenzake zawadi iliyotoka ng'ambo.

"Tununue kwa bantu badogo ba hapa kwetu! Bale banafanya kazi na mikono yabo! Na franga ifike kwabo bila muntu wa katikati!"

Makofi yakalia. Venant akapiga kuliko wote, macho yake yakiwa kwenye mikoba ya viti vya mbele, ambayo aliiona imevimba huruma.

Wiki ile ile akauza pikipiki yake, akanunua kwa jumla vitunga vya kiwandani, vile vikapu vidogo vyenye mfuniko, vyote sawasawa kama mayai, kila kimoja na kikaratasi cha China kwenye kitako. Akajifungia na beseni la maji ya moto, akabandua vikaratasi hadi vidole vikanyauka. Kusema haki, hiyo ndiyo kazi ya mikono iliyofanyika.

Mama Laure aliviona, akavipenda. Ila alikuwa na ombi.

"Papa Venant, minye nataka nimuone mwenye kusuka. Nitakuja na wenzangu, tumushike mikono."

"Hakuna shida, Mama. Ni mujane mumoja wa kule Rurambo, mu milima. Maskini! Ukimuona utalia."

"Vizuri," alisema Mama Laure, ambaye hakupenda kulia peke yake.

Ikabidi mjane atafutwe. Venant alimpata katika soko la Mulongwe: Itangishaka, muuza mandazi ambaye ulimi wake ulikuwa umeshawakimbiza wakusanya ushuru wa kila namna. Mume wake alikuwa nyuma yake, anakula mandazi.

"Nataka uwe mujane," Venant alimwambia.

Itangishaka akageuka, akamtazama mumewe kwa makini. "Mpaka saa ngapi?"

"Muchana tu. Utavaa kitenge cha zamani, utaangalia chini, utasema kidogo. Mengine uniachie."

Siku ilipofika, ua wa Venant ulijaa akina mama waliokaa kwenye viti vya kukodi, vitunga vimepangwa mbele yao juu ya mkeka. Venant akatoa hotuba. Alieleza baridi ya milimani, ng'ombe walioibwa, mjane anayesuka hadi vidole vinatoka damu. Kisha akapandisha sauti. "Na bale bantu ba katikati, bakina mama! Banakula jasho ya mujane! Basipate hata franga moja!"

Mama Laure akatoa leso. Alipokwisha kujifuta akasema, "Mama, utuonyeshe kidogo namna unasuka."

Itangishaka hakuwa amewahi kusuka hata nywele.

Lakini mjane aliinua macho taratibu, yamelowa. "Mama, kule kwetu kitu cha zawadi hakisukwi mbele ya yule atakayekitoa. Baraka inakimbia."

"Hekima gani hii!" mama mmoja akanong'ona, na vitunga vyote vikanunuliwa palepale. Mkeka nao ukapata mnunuzi.

Mama Laure alikusanya noti za wenzake kwenye bahasha. Akampita Venant, aliyekuwa amekwisha kunyoosha mkono, akaiweka kwenye viganja vya Itangishaka. "Bila muntu wa katikati," alisema. Halafu akaagiza vingine vya Bonane, sikukuu ya Mwaka Mpya.

Wote wakapiga makofi. Venant naye akapiga. Angefanyaje?

Wageni walipoondoka alimfuata Itangishaka. "Leta."

"Nini?"

"Bahasha!"

"Weye ni nani mu hii mambo?" Itangishaka alikuwa anaifunga kwenye pindo la kitenge. "Mujane iko. Mama wa huruma iko. Muntu wa katikati, weye mwenyewe umesema asipate hata franga."

"Nitabaambia ukweli!"

"Enda ubaambie. Bitunga bilinunuliwa na nani? Bikaratasi, alibandua nani?"

Venant akaanza kukusanya viti vya kukodi.

"Ukitaka kupata kitu, kuja uuze bya Bonane," Itangishaka akamwambia. "Mudomo yako ni muzuri. Akili tu ndiyo haikusaidii."

Kwa zile pesa Itangishaka alishuka na Venant hadi Kiringye, kwa shemeji zake wanaosuka matete kwelikweli, akawalipa kabla hata hawajaanza. Siku ya kupeleka mzigo, Venant aliubeba mwenyewe, Itangishaka nyuma yake, mpaka kwenye baraza ya hoteli, mbele ya Mama Laure na wenzake.

Mama Laure akageuza kitunga kimoja, akakunja uso. "Hii imepinda. Bya kwanza bilikuwa byenyewe, bya mikono ya muntu. Hizi munazitoa wapi? Munataka kutudanganya na bitu bya China?"

Venant alikuwa na ukweli mkononi kwa mara ya kwanza katika kazi yake, na hakujua unashikwa upande gani. "Mama, naapa! Ni bya hapa! Nimebaona bale bamama na macho yangu banasuka!" Jasho lilimtiririka, na kila alivyozidi kuapa ndivyo alivyozidi kufanana na mwizi. Mama Laure akamwita mlinzi.

Itangishaka akatazama chini. "Mama, unisamehe. Hizi nilizisuka siku ya kumukumbuka marehemu bwana yangu. Mukono ilikuwa inatetemeka."

Leso zikatoka mikobani. Mlinzi alipokuwa anamfikisha Venant langoni, bei ilikuwa imekwisha kupanda, na makofi yalisikika mpaka barabarani.

"Kuna nini kule ndani?" mlinzi aliuliza.

"Bananunua bitu bya hapa."

"Na weye, umefanya nini?"

"Minye nilisema ukweli."

Mlinzi akamtazama toka juu hadi chini, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akafunga lango.