Hatunaye Tena

Kwa mujibu wa Fulgence mwenyewe, Ifakara nzima ilikuwa na mtaalamu mmoja tu wa kompyuta, na shati la mtaalamu huyo alikuwa amelivaa yeye.

Ndiye aliyeufungia ushirika wa wakulima wa mpunga programu ya matangazo. Kazi ya programu ilikuwa moja: kulichungulia faili la tangazo. Faili likibadilika tu, yaliyomo yanaruka hadi kwenye simu za wanachama mia nane, kuanzia Chita mpaka Malinyi.

"Usiandike humo humo," karani Bibiana alimwonya asubuhi ile. "Andika pembeni, kwenye faili jingine. Ukishamaliza na kusoma, ndipo ulipatie jina la lile la zamani, lichukue nafasi yake kwa mkupuo mmoja."

"Dada Bibiana, hayo ni ya wanaojifunza."

Sasa Fulgence, tangu umeme ulipokatika siku moja ukammezea kazi yake, alikuwa akibonyeza kuhifadhi kila akivuta pumzi. Akaandika: "Mwenyekiti wetu mpendwa, Mzee Apolinari, hatunaye tena". Akabonyeza. Akakuna kidevu, akitafuta namna nzuri ya kusema kwamba mzee amehama ofisi ya zamani na sasa yuko jengo jipya karibu na stesheni.

Simu ya Bibiana ikatoa mlio wa ujumbe. Akasoma, akakaa chini polepole.

"Fulgence, umemuua mwenyekiti."

Fulgence akafuta maneno yote, akabonyeza. Ujumbe mtupu ukaenda kwa watu mia nane. Wengi waliuchukulia kuwa ni dakika ya ukimya.

Akaanza upya, jasho likimtoka: "Tunasikitika sana". Vidole vikabonyeza vyenyewe, kabla hajafika kwenye "kwa usumbufu". Bibiana akachomoa waya ukutani.

Saa sita mchana marehemu aliingia ofisini, vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo mzee," Fulgence alisema, amesimama nyuma ya kiti.

"Marahaba. Nimetoka nyumbani kwangu, nimekuta turubai. Mke wangu analia na mimi niko mbele yake. Shemeji zangu wa Malinyi wako njiani na magunia ya mchele."

"Nitawatumia ujumbe sasa hivi, mzee."

"Hutatuma kitu. Utasimama barabarani, uwaeleze mmoja mmoja kwa mdomo." Mzee akageuka kuondoka, halafu akasita mlangoni. "Na kwa kila mmoja, mwanangu, hakikisha unamaliza sentensi."