Uchunguzi Wangu Kuhusu Mapenzi ya Alute wa Mkiwa

Jumatatu, 14 Julai

Kosa la watazamaji wengi ni kusikiliza maneno. Maneno hupangwa. Mimi natazama saa. Jana jioni, katika Chagua Moyo, kipindi cha vijana kutafuta wachumba kwenye televisheni, Alute alimwambia Rebeka wa Dar es Salaam kwamba tangu azaliwe hajapenda hivi. Alipofungua mdomo, saa yake ya mkononi ilionyesha saa nne na robo. Alipoufunga, saa saba kasoro robo! Binadamu gani hutamka sentensi moja kwa zaidi ya saa mbili?

Nikawaeleza waliokuwepo sebuleni. Walikuwa wanawake sita, marafiki wa mke wangu Theodora, maana televisheni yetu ndiyo kubwa kuliko zote mtaani hapa Unyambwa. Alikuwepo pia jirani Elisha, bwana mifugo mstaafu, ambaye kila Jumapili huja kwa kisingizio cha kuchaji simu. Niliwaeleza hatua kwa hatua, kama nilivyofundisha Hisabati miaka thelathini na minne. Theodora akaniomba nisogee, namkinga Alute. Elisha akasema huyu Mwalimu hata ng'ombe akizaa mbele yake atadai ndama ameazimwa. Mama Fabiano akacheka mpaka akamwaga karanga.

Nitaleta ushahidi kwamba mapenzi yale ni ya kuigiza.

Alute anasema kwao ni Mkiwa. Si mbali. Kesho nakwenda.

Muda upo. Jumamosi ndiyo watu wa Clement wanakuja kutoka Ikungi kuleta barua ya posa ya binti yetu Agnes. Vijana wenyewe wamengojana miaka mitatu, mpaka Clement alipomaliza kuezeka nyumba. Theodora amenikumbusha mara nne nitengeneze mlango wa uani.

Jumanne, 15 Julai

Mkiwa! Upepo na vumbi. Nilivaa suti ya kijivu. Nilibeba kuku jike, kwa sababu mtu mwenye adabu haingii nyumba ya watu mikono mitupu.

Njia panda niliwauliza wauza vitunguu nyumbani kwa kina Alute. Nikajitambulisha kwa jina kamili, kazi niliyostaafu na mtaa ninaoishi, kama inavyotakiwa. Mmoja mwenye kofia pana alinitazama muda mrefu. Nadhani nilimfundisha.

Mama Alute akanipokea vizuri. Nikaanza maswali yangu. Kijana ana hasira? Anakunywa? Aliwahi kuchumbia? Kuna maradhi ya kurithi kwenye ukoo? Mama akaomba tungoje kidogo, akaagiza mjomba aitwe kutoka shambani. Mjomba akaja amenawa uso. Mjomba wa pili naye akaitwa. Kila swali walilijibu kwa uangalifu mkubwa. Laiti wanafunzi wangu wangekuwa hivi!

Mama akauliza kama nina binti. Nikasema ninaye mmoja, Agnes, muuguzi wa zahanati. Akauliza kama anajua jembe. Nikasema alizeti yote ya mwaka huu kavuna yeye na mama yake. Akauliza kama nina picha. Picha ninayo, tena nzuri, ya siku ya mahafali. Simu ikazunguka. Mjomba wa kwanza akavua kofia.

Watu wakarimu sana! Kuku wangu akachinjwa papo hapo, na firigisi wakaniwekea mimi.

Kuhusu Rebeka, mama alikunja uso. Alisema Alute humpigia simu kila wiki akimlilia msichana yule, mpaka mama hashiki kazi. Nimeandika pembeni: mama naye kafundishwa la kusema.

Jumatano, 16 Julai

Simu asubuhi. Ni mjomba wa Mkiwa. Ukoo umekaa na umeridhia. Yule wa Dar hawamtaki, hajui kuamkia. Alimsalimu mama mtu mzima kwa kumwambia mambo. Alute ataarifiwa akitoka kwenye jumba la kipindi.

Nilikaribia kuruka! Kama ukoo uko tayari kumpeleka kijana kwingine, mapenzi ya kwenye televisheni yako wapi? Nikaenda mbio kwa Elisha. Alikuwa anakamua mbuzi. Nikamsimulia neno kwa neno.

Elisha akauliza wameridhia nini. Nikarudia. Akauliza kama nilikwenda na kuku. Ndiyo. Jike? Jike. Na picha ya Agnes nilitoa? Walitaka kuiona, nikatoa. Na firigisi nani alikula? Mimi.

Akakaa chini kando ya ndoo. Alicheka mpaka mbuzi akakata kamba. Kisha akaacha kucheka. Akasema, Mwalimu, wewe umekwenda kumposea binti yako mwanamume.

Nikamweleza kwamba kisheria hilo haliwezekani, kwa kuwa nia yangu ilikuwa utafiti. Akasema niwaeleze hivyo Ikungi.

Jumatano jioni. Nimetengeneza mlango wa uani.

Alhamisi, 17 Julai

Yule mwenye kofia pana sikumfundisha. Anaitwa Antipasi. Ndiye mshenga wa kina Clement! Mtu aliyepangiwa kuja na barua nyumbani kwangu Jumamosi anauza vitunguu njia panda ya Mkiwa. Nani angejua?

Hakunipigia mimi. Alimpigia Theodora. Alisema kwa upole kwamba wazee wa Ikungi wameishika barua kwanza. Hawajakasirika, ila binti mmoja hatembezwi nyumba mbili. Jumamosi wasisubiriwe.

Theodora hakufoka. Aliniwekea chakula, akakifunika, akatoka. Ningependa angefoka.

Agnes akarudi kutoka zahanati, hajavua hata sare. Nikamkalisha nimweleze. Nikaanzia kwenye saa ya Alute. Alinisikiliza mpaka mwisho, tangu mdogo alikuwa msikivu. Halafu akasema: Baba, mimi na Clement hatujawahi kutokea kwenye televisheni. Ulikuwa unatafuta nini kwetu?

Akaingia chumbani. Nikabaki na karatasi zangu. Zilikuwa tisa.

Ijumaa, 18 Julai

Baba hajitetei mwenyewe katika jambo la posa. Hutafutwa mtu wa kumsemea, awe na heshima kule anakokwenda. Nimepiga hesabu kila upande. Anayeheshimika Ikungi ni mmoja tu, kwa sababu aliwatibia ng'ombe miaka ishirini.

Elisha akakubali haraka mno. Alikuwa na sharti. Nisimame mbele ya wale wanawake sita nitamke kwamba Alute na Rebeka wanapendana kweli.

Waliitwa. Walikuja wote, mmoja na mgonjwa anayemuuguza. Nikatamka. Mama Fabiano akaomba nirudie, eti hakusikia. Alisikia!

Ikungi tulifika saa nane. Elisha alisema kwa muda wa saa nzima. Aliwaambia wazee kwamba mwalimu akistaafu hubaki na maswali mengi na darasa hana, kwa hiyo huzunguka vijijini akiwauliza watu. Akasema ni ugonjwa kama mwingine, ila hauna chanjo. Wazee walicheka. Baba yake Clement alicheka hadi akaomba maji. Mimi nilitazama sakafu.

Hukumu: mbuzi dume mmoja wa kuomba radhi, na kesho barua ikija nisifungue mdomo kabisa. Nikataka kufafanua kifungu cha pili. Elisha akanikanyaga.

Mkiwa nako Elisha aliwapigia akawaomba radhi. Wamesamehe. Mjomba amesema tu kwamba wamesikitika, maana muuguzi walishamzoea.

Jumamosi, 19 Julai

Barua imekuja.

Nilikaa kimya kama kigoda. Antipasi alisema, Elisha akajibu kwa niaba yangu, na mwaka aliozaliwa Agnes akaukosea! Nilikohoa. Theodora akanitazama. Nikaacha kukohoa.

Ikafika zamu ya Clement kumwamkia mkwe wake. Akasimama na bahasha juu ya sahani yenye kitambaa. Akasema shikamoo Mama, na sauti ikaishia hapo. Sahani ikainama, bahasha ikaanguka. Akainama kuiokota, kalamu zote za mfukoni zikamwagika. Agnes, aliyetakiwa kukaa chumbani bila kusikika, akacheka kwa sauti nyuma ya pazia. Kisha kicheko kikageuka, tukasikia analia. Clement akasimama pale na kalamu mkononi, hajui aende wapi.

Theodora akanishika mkono. Nilitazama dari muda mrefu. Ina utando wa buibui upande wa dirisha.

Elisha akaipokea barua. Wameafikiana harusi iwe Novemba.

Jumapili, 20 Julai

Nimeamka nikiwa na moyo mweupe. Agnes kaniletea chai mwenyewe, akaniambia Baba ulikaa vizuri jana. Sina kinyongo na mtu.

Saa tatu ukaingia ujumbe wa Clement kwenye simu yangu. Ananiamkia, ananishukuru kwa mapokezi, ananiombea afya. Nimeusoma mara saba. Hauna kosa hata moja. Herufi kubwa zipo mahali pake. Kijana aliyeshindwa kumalizia salamu jana, leo anaandika kama katibu wa wilaya! Nani kamwandikia? Nimemuuliza Theodora. Amesema Clement ni karani wa ghala la alizeti, kuandika ndiyo kazi yake. Jibu lilikuja upesi sana. Inaelekea alilitayarisha.

Nimeyatafakari ya wiki hii kwa utulivu, na sasa naona nilipokosea. Uchunguzi ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa mimi kwenda mwenyewe. Elisha anafahamika Ikungi, anaweza kuuliza huku anakagua ng'ombe, na hakuna atakayemshuku. Nimemwandalia maswali ishirini na mawili kuhusu Clement.

Mzazi mwenzangu utakayelikuta daftari hili, kama una mkwe mtarajiwa, usivae suti wala usipande basi. Leo hii, mtume jirani.