Mbuzi wa Profesa Dunsley

Wenzangu, leo nimejianika mwenyewe. Hadharani. Kwa projekta.

Asubuhi nilikuwa natetea pendekezo langu la utafiti chuoni, hapa Meru. Nikipita, Jumatatu nashuka nyumbani Kiritiri kuanza kukusanya data, na mwaka huu navaa joho. Nikianguka, joho lingoje. (Na mama ameshawatangazia akina mama wa kanisa. Kitambaa cha sare kimeshanunuliwa.)

Utafiti wenyewe ni wa mbuzi wa sehemu kavu: wanakula nini, wananenepa vipi. Nguzo yake kuu ilikuwa makala moja niliyoipata mtandaoni, ya Profesa Dunsley, mfugaji na mtafiti wa ng'ambo. Profesa anasema mbuzi anayeitwa kwa jina lake kila asubuhi hula vizuri na kunenepa haraka kuliko asiye na jina. Niliposoma hivyo, moyo uliruka! Hata mama huwaita mbuzi wake kwa majina. Nikaona hatimaye nimepata sayansi inayotuelewa.

Msimamizi wangu, Dkt. Makena, alinionya mapema. "Wawira, chunguza huyo mwandishi. Ni nani, anafundisha wapi, hiyo data aliitoa wapi."

Nilichunguza. Alikuwa na ndevu nyeupe na miwani. Kiingereza chake hakikuwa na kosa hata moja. Tovuti yenyewe haikuwa na tangazo la dawa za kupunguza tumbo. Mlitaka nichunguze nini tena?

Basi nikasimama mbele ya jopo, blauzi imepigwa pasi, maneno yananitiririka. Mwenyekiti, Dkt. Kinoti, mzee mpole anayeongea polepole, akaniuliza, "Huyu Dunsley wako, ako chuo gani?"

"Ni mtaalamu wa kimataifa, sir."

"Hiyo nimesikia. Chuo gani?"

"Ako na shamba kubwa. Research anafanyia huko kwake. Hata kuna picha ya mbuzi yake!"

(Hakuna aliyeomba picha. Hakuna! Ni mdomo wangu.)

Nikafungua makala. Nikaikuza picha, ambayo kwenye simu yangu ilikuwa ndogo kama kucha, mpaka ikajaa ukuta mzima. Mbuzi mweupe mwenye masikio meusi, na chini yake maandishi: Bella, mbuzi wa Profesa, shambani kwake. Nikageukia jopo nikitabasamu.

Dkt. Kinoti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wawira, hiyo kitu amefungwa nayo kwa shingo ni nini?"

"Kamba, sir."

"Mimi naona ni tai."

Nikaangalia. Kweli ilikuwa tai. Ya shule. Yenye mistari.

"Msichana wangu alisoma hapo shule ya Kaaga," akasema, bila haraka. "Hiyo tai nilinunua mimi mwenyewe. Sasa niambie, huyu mbuzi wa ng'ambo aliingia Kaaga form one, ama alihamia form three?"

Chumba kizima kikaangua kicheko! Wanadarasa wenzangu waliokuja kunipa moyo walikuwa wanashikana mabega. Hata Dkt. Makena, ambaye ni wa upande wangu, aliinamia karatasi zake akitikisika.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeliona doa la wino kwenye ncha ya tai. Doa langu, la kidato cha pili hapo hapo Kaaga, siku kalamu iliponivujia. Na huyo si Bella, jamani. Huyo ni Kanini, mbuzi wa mama, mwizi wa ndengu anayejulikana kijiji kizima.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Sir, huyo mbuzi ni wa mama yangu."

"Na Profesa ni wa nani?"

Hapo ndipo akili iliamka, ikiwa imechelewa. Nina kaka, Ireri. Tunaishi naye chumba cha kupanga huko Majengo. Kazi yake ni kuandikia makala tovuti za watu wa ng'ambo. Wanamlipa, kisha wanaweka jina wanalotaka wao. Mimi nilidhani huandika habari za mazulia na mikopo ya nyumba. Na Krismasi tulikuwa naye Kiritiri, simu yake ikipiga picha kila kilichosimama.

"Profesa," nikasema, "nafikiri ni kaka yangu."

Dkt. Kinoti alicheka mpaka akatoa leso. Kisha aliona macho yangu, akanisogezea maji. "Usilie, mami. Hata sisi tumeshadanganywa na watu wa ndevu. Urudi mwezi ujao. Kila jina umeandika hapo nyuma kwa marejeo, ukuje ukijua ni la nani."

"Na graduation, sir?"

"Ukirudi na watu wa kweli, mwaka huu unavaa."

Nililia kidogo njiani, siwafichi. Nikafika Majengo nimewaka moto. Ireri ameketi kitandani na laptopu yake.

"Wewe! Hiyo maneno ya mbuzi kuitwa majina ulitoa wapi?"

"Gani? Ile ya Dunsley?" Hakushtuka hata kidogo. "Si ni mama husema? Client alitaka article ndefu, points zikaniishia, nikaweka ya mama." Kisha akanitazama vizuri. "Kwani uliisoma?"

"Yote! Nimeiweka kwa proposal!"

Nilingoja aniombe msamaha. Badala yake uso ulimchangamka. "Wee! Mpaka mwisho? Haki hakuna mtu husomanga mpaka mwisho."

Na hasira zikanipungua, nifanyeje? Kaka yangu huandika kutwa kucha, na jina lake halijawahi kutokea popote. Nilimhurumia. Nikampikia chai. (Ya rangi. Maziwa hakustahili.)

Jioni hii nimeifungua tena ile makala, kujitesa tu. Juu kabisa, kabla ya jina la Profesa, kumeongezwa mstari mpya (aliyewaambia mnamjua): "Makala haya yametumika katika utafiti wa chuo kikuu."

Ndugu zangu, mkiuona, msiuamini. Huo utafiti ni wangu, na umerudishwa.