Tetemeko la Kwenye Themanini

Jumatatu, 3 Machi

Siku tano zimebaki. Jumamosi binti yangu anaolewa. Nitampeleka ukumbini mwenyewe, kwa gari langu mwenyewe. Neno la mwisho. Gari hili ndilo lililomtoa wodi ya wazazi akiwa na siku mbili, amefungwa kwenye taulo, pua tu ndiyo inaonekana. Hilohilo ndilo litakalompeleka kwa mumewe.

Nimeliosha tangu asubuhi. Shemeji, kaka wa mke wangu, aliyekuja mjini kwa ajili ya harusi, alipita na gari lake jipya, akapiga honi mara mbili, akauliza kama nimeanza kuuza chuma chakavu. Nikahamia kwenye rimu. Lahaula! Kwenye rimu za mbele nimekuta vipande vya madini ya risasi vimegandia, vidogo kama meno ya mtoto, vyeusi, vinaharibu sura. Miaka yote hiyo hakuna fundi aliyeona aibu! Nimevikwangua vyote kwa bisibisi. Maji yakaniishia kabla sijafika magurudumu ya nyuma. Vipande nimevitia kwenye kopo la majani ya chai. Kitu cha bure hakitupwi.

Jioni nikalitoa barabara kuu, watu walione. Sitini, safi. Sabini, safi. Themanini, usukani ukaanza kutetemeka kama una homa. Nikaushika kwa mikono miwili. Meno yakagongana. Nikapunguza mwendo, ukatulia. Nikaongeza, ukarudia. Gari hili halijawahi kunifanyia hivi! Na leo ndiyo siku niliyoling'arisha kuliko siku zote. Husuda za watu hizi.

Jumanne, 4 Machi

Nimelala vibaya. Nimemwambia mke wangu tatizo ni barabara. Akasema barabara ni ileile ya juzi. Nikamwambia barabara nazo huzeeka. Nimekwenda kujaribu upande wa pili wa mji, kwenye lami mpya. Themanini: tetemeko. Barabara nimeifutia hatia.

Ikabaki upepo wa matairi. Yaani ikanibidi nifike kwa Bwana Jeki, fundi wa matairi wa pale kona. Hatusemezani tangu mwaka juzi, aliposema mbele ya wateja kwamba gari langu limefika umri wa kupishwa kwenye foleni. Nimemwomba pampu tu. Akanipa pampu na maoni. Akauliza kama linatetemeka kwenye mwendo fulani tu. Nikakiri. Akauliza kama kuna kitu chochote kimedondoka kwenye rimu. Nimemjibu hakuna kilichodondoka. Kweli tupu! Nilichokikwangua kwa mkono wangu mwenyewe hakiwezi kuitwa kimedondoka. Akataka kuinama achungulie. Nikawasha gari, nikaondoka. Nilikuja kutafuta upepo, sikuja kuchunguzwa.

Nimeongeza upepo, nimepunguza, nimeongeza tena. Vilevile. Wakati wa chakula mke wangu ametoa amri: ikifika Ijumaa jioni gari bado linatikisika, mtoto atapanda gari la mjomba wake. Binti alikuwa ameinamia sahani. Hilo limeniuma kuliko amri yenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka na akili mpya! Kama ugonjwa uko mbele, upelekwe nyuma. Magurudumu ya mbele niyafunge nyuma, ya nyuma niyalete mbele. Saa tatu za jasho. Gurudumu moja lilinitoroka, likabingirika hadi uani kwa jirani, likapasua beseni. Nimeahidi beseni jingine.

Nikaingia barabara kuu. Themanini: usukani tuli! Tisini: tuli! Nimepiga vigelegele peke yangu ndani ya gari, vioo vimefungwa. Halafu nimepita mbele ya kona ya Bwana Jeki mara tatu, usukani nimeushika kwa kidole kimoja. Mara ya tatu alinipungia mkono. Sikumrudishia.

Nikampakia mke wangu kiti cha nyuma ili ashuhudie. Kwenye themanini akasema anatetemeka. Nikamwambia ni furaha. Akasema furaha haianzii makalioni. Tukabadilishana, akashika usukani yeye, nikakaa nyuma mimi. Ole wangu! Kiti chote kinatikisika. Tetemeko halikuondoka, limehama chumba tu. Na bibi harusi hukaa wapi? Nyuma! Atafika ukumbini ameshika vijiti, maua yameshapukutika yote.

Jumatano imeanza vizuri ikaisha vibaya, na ndiyo hali ya maisha yangu kwa jumla.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nzima nimekaa kibarazani nalitazama gari, nalo linanitazama. Ndipo nikaona. Zile rimu zilizokuwa nyuma sasa ziko mbele, na bado zina vile vipande vyeusi! Nyuma safi, mbele chafu. Nikajisemea, hata kama ugonjwa umenishinda, usafi haujanishinda. Nimechukua bisibisi, nimekwangua vyote. Rimu zote nne sasa zinang'aa. Kopo limefika nusu.

Nikalitoa kulijaribu. Mungu wangu! Sasa ni mbele na nyuma! Usukani unatetemeka, kiti kinatetemeka, hata kioo. Nyuma yangu lilikuja lori moja, kwenye kioo nikaona malori matatu. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Sielewi. Sijaligusa popote isipokuwa kulisafisha!

Nimeegesha pembeni, nikalaza kichwa juu ya usukani, nikalia. Si sana. Nyumba tunayokaa ni ya kupanga. Kutoa hotuba sijui, hata ya kuazima. Baba mzima nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumpa mtoto wangu, safari ya kilomita arobaini, na hata hiyo inatikisika.

Jioni shemeji amekuja. Amesema gari lake lina viti vya ngozi, amesema nisijali kabisa. Aliposema nisijali nilitamani kumng'ata.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya mwisho. Kama tetemeko halitoki, basi nitalifunika. Nimekata mpira wa ndani wa baiskeli, nimeuzungusha kwenye usukani mara tatu, nimeukaza. Usukani umenenepa, vidole havikutani. Kiti cha nyuma nimekiwekea mito mitatu na blanketi chini yake. Sikupata nguvu ya kulijaribu. Niliogopa. Nikajilaza kidogo.

Nilipoamka, gari halipo! Limeibiwa! Nasema ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma hapa: nilisikia nafuu. Mtu aliyeibiwa huonewa huruma, mtu aliyeshindwa huchekwa. Nafuu haikudumu. Saa kumi na nusu mke wangu amerudi nalo. Amesema alikuwa na shughuli ndogo pale kona. Kisha akaniambia nikalijaribu, tena akaniambia huku akitazama pembeni.

Nimekwenda. Themanini: tuli. Tisini: tuli. Mia: nimeogopa mimi, gari halikuogopa. Nyuma hakuna hata kijitikiso! Mpira wa baiskeli! Wahandisi wa dunia nzima wamehangaika, kumbe dawa ni mpira wa baiskeli na mito mitatu!

Nimemweleza mke wangu uvumbuzi wangu wote. Akasema vyema, nimpeleke mtoto, ila niahidi kwamba hadi harusi iishe sitaligusa tena gari. Nimeahidi. Binti akanikumbatia, akasema alikuwa akiomba siku zote iwe hivyo. Nimekwenda chooni kujifuta uso.

Jumamosi, 8 Machi

Kuosha si kugusa. Nimeamka na mapambazuko, nikachukua ndoo. Nilipoinama kwenye rimu, moyo ulinipasuka. Vipande vya risasi! Vipya! Kwenye rimu zote nne, tena vingi kuliko vya mwanzo! Hujuma hii. Nani mwingine kama si shemeji, ili langu lionekane chafu kando ya lake? Kikulacho ki nguoni mwako. Nimevikwangua vyote kabla nyumba haijaamka. Kopo limejaa hadi juu.

Saa nne binti akatoka mlangoni na gauni lake. Sina maneno, na nisingekuwa nayo hata kama ningesoma. Nikamfungulia mlango. Akakaa kwenye mito yangu. Mama yake akakaa mbele pamoja nami. Shemeji akatufuata na ndugu waliobaki. Barabara kuu. Sitini. Sabini. Themanini.

Sauti niliyoitoa sitaiandika. Usukani, viti, mama, mtoto, shela, vyote vikatetemeka kwa pamoja. Petali mbili zikaniangukia begani. Mke wangu akauliza taratibu, bila kunitazama, nimefanya nini. Nikasema sijafanya kitu, nimeosha tu. Akafumba macho.

Nikashuka hadi hamsini. Likatulia. Malori yakatupita. Trekta lilikuwa mbele, nikaanza kuliheshimu. Nyuma shemeji anapiga honi. Nikaona nimekwisha. Nikamwambia binti, bila kugeuka, kwamba nasimama pembeni ahamie gari la mjomba wake, na kwamba sitakasirika. Nilisema kwa sauti ya kawaida, nilijitahidi sana.

Akaniwekea mkono begani. Akasema mama amemsimulia mara nyingi jinsi siku ile ya kutoka wodini nilivyoendesha kwa ishirini njia nzima, watu wakatutukana, nami nikagoma kuongeza mwendo kwa kuwa nimebeba mtoto.

"Endesha hivyohivyo, baba," akasema. "Mimi sina haraka ya kuondoka."

Nikashuka hadi thelathini. Tumechelewa dakika hamsini. Ukumbini walipouliza macho yana nini nikasema vumbi. Vioo vilikuwa vimefungwa.

Jumapili, 9 Machi

Nyumba kimya. Nimepita mlangoni mwa chumba chake mara nne bila sababu. Kitanda kimetandikwa. Nina huzuni kubwa na nina fahari, na sijui ipi nianze nayo.

Asubuhi mke wangu ameniambia ukweli. Ijumaa alilipeleka gari kwa Bwana Jeki, naye akasawazisha magurudumu yote manne, kila moja kwa vizito vyake vidogo. Nimecheka hadi nikakohoa. Kumbe ni kazi ya Bwana Jeki! Ndiyo maana haikudumu hata siku moja! Ningeachiwa mpira wangu peke yake tungefika mapema. Mke wangu akauliza kopo la majani ya chai liko wapi. Nikamwambia anywe maji, chai humpandisha hasira.

Shemeji alilala kwetu. Leo anarudi kwake, safari ya mwendo wa saa sita. Lazima nimtendee haki: jana alikaa nyuma yetu njia nzima na hakutupita hata mara moja, ingawa honi aliichosha. Halafu ukumbini aliwaambia watu kwamba tulichelewa kwa sababu yake. Moyo umelainika. Nimeamua kumlipa wema kwa wema. Akiwa ndani anakunywa chai, nimeliosha gari lake lote, kimyakimya.

Na maskini ya Mungu! Gari jipya namna ile, rimu zote nne zimejaa vilevile vipande vyeusi! Basi si yeye aliyenihujumu, naye ni mhanga kama mimi. Nimevikwangua kimoja kimoja, kwa upendo. Nimeanza kopo la pili.

Ameondoka saa nne, rimu zinang'aa hadi zinaumiza macho. Saa nne na nusu amepiga simu kutoka barabara kuu. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na si sauti tu. Nimemwambia asiogope, ugonjwa huo naufahamu kuliko mtu yeyote katika mji huu. Asimruhusu fundi kuligusa, hasa Bwana Jeki. Arudi kwangu polepole.

Naandika kwa haraka. Namkatia mpira wa baiskeli.