Mjukuu Wangu Asipewe Jina Langu

Tezekbay Kalmatov,
Kijiji cha Tash-Kungoy,
Naryn.

Kwa Bibi Msajili wa Vizazi na Vifo,
Makao ya Wilaya.

YAH: KUZUIA JINA LA UKOO LA MTOTO AKTAN

Mheshimiwa Bibi Msajili,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima na jiko la ofisi linawaka, maana nilipopita hapo wakati wa baridi watumishi wako walikuwa wamevaa makoti mezani. Huku kwetu theluji imeanza kuachia na kondoo wanazaa.

Mwanangu Zamir na mkewe Meerim walifika kwako Jumatatu kumwandikisha mtoto wao wa kiume. Ukoo wetu ni Kalmatov, kwa jina la babu yangu Kalmat, mtu wa heshima aliyekuwa na ndevu. Lakini mzazi anaruhusiwa kumtungia mtoto jina jipya la ukoo kutokana na jina la babu yake, na babu yake ni mimi. Wakaomba mtoto aitwe Aktan Tezekbaev. Mkapokea. Mkasema cheti kitakuwa tayari Ijumaa. Naandika ili Ijumaa isifike.

Wewe ni mtu wa mjini, unapikia gesi, huenda tezek unaisikia tu. Ni mavi ya ng'ombe yaliyokandwa, yakaanikwa, yakawashiwa jiko. Na bay ni tajiri. Mimi basi ni Tajiri wa Mavi, na ndivyo nilivyo kwenye kitambulisho chenye nembo ya taifa. Jina hili alinipa mama. Alikuwa amezika watoto watatu kabla yangu, wote wenye majina mazuri. Wazee wakamwambia huyu wa nne ampe jina la kumfanya Ziraili afike mlangoni, asikie anayeitwa humo ndani, ashike pua, aende zake. Simlaumu mama, Mungu amrehemu. Lakini siku hizi kuna chanjo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Karani wako hakucheka. Zamir anasema binti yule aliandika Tezekbaev kwa mwandiko wa kutulia, akapuliza wino, akasema "anayefuata". Mimi nimelibeba jina hili maisha yangu yote na sijaona mtu asiyecheka. Mwalimu wetu wa darasa la kwanza, mcha Mungu kabisa, kila alipofika kwangu kwenye mahudhurio alifungua dirisha kwanza. Mtumishi wa serikali asiyecheka mahali pa kucheka ana jambo. Naomba achunguzwe.

2. Jeshini, kamanda wetu Mrusi aliniuliza maana ya jina langu. Nikamwambia "tajiri", ambayo ni nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki alipewa na mpishi, Mkirgizi mwenzangu kutoka Osh, mbele ya kikosi kizima. Tangu hapo nililinda vyoo mpaka muda wangu ulipokwisha. Wenzangu walirudi na medali.

3. Nilipopeleka posa kwa akina Sayragul, baba yake alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mkewe: "Mama Sayragul, kijana anataka binti yetu akanyage mavi, na viatu tumemnunulia juzi." Sayragul akajibu kutoka nyuma ya pazia, "Yakikauka hayachafui, baba." Nikampata. Lakini utetezi ule nimeukuta mezani kila sikukuu tangu siku hiyo, pamoja na nyama.

4. Hili ni zito. Kwetu, kama ujuavyo, mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake, hata kwa bahati mbaya. Meerim ni binti wa adabu. Tangu aingie nyumbani kwangu hasemi tezek hata anapoitia jikoni. Anaita "kile kiwakacho". Sasa mtoto akiugua, akimpeleka zahanati, muuguzi akiuliza mtoto wa ukoo gani, atajibu nini? Kwenu alijibu nini? Nimeambiwa. Zamir alikuwa bado nje anatafuta pa kuegesha gari, mkamwuliza mama jina la ukoo. Akainamisha kichwa, akanyoosha kidole dirishani kwenye kile alichokiacha uani ng'ombe wa mlinzi wenu. Na karani akaelewa mara moja. Sitaki kuendelea na jambo hilo.

5. Mtoto huyu alisubiriwa. Mara mbili tulimsindikiza Meerim hospitali, na mara mbili akarudi mikono mitupu, akaingia jikoni, akaanza kukanda unga. Mtoto aliyekuja baada ya hayo anastahili jina la hariri. Nikamwuliza Zamir, "Jina langu unalitakia nini? Kama unamtaka yule farasi wangu jike mwekundu, sema waziwazi, usizunguke." Akasema, "Baba, mimi katika hili ni dereva tu. Muulize Meerim." Sasa baba mkwe atamhojije mkamwana wake? Kwa hiyo nimebaki na jibu la farasi.

6. Tazama mbele, Bibi Msajili. Jina la ukoo halizikwi na mtu. Aktan atazaa, na wanawe watazaa, na kwa kuwa watoto wetu wana akili, siku moja mmoja wao atakuwa rais. Picha yake itatundikwa hapo ofisini juu ya kichwa chako, na chini yake pameandikwa Tezekbaev. Wageni kutoka nje watauliza maana. Mtawaambia "tajiri"? Mimi nimeshajaribu.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu ombi lao likataliwe. Ikishindikana, nibadilishwe jina mimi kabla ya Ijumaa, niitwe Altynbek, lenye dhahabu ndani yake, ili mtoto awe Altynbekov na sheria ibaki palepale. Na hilo nalo likishindikana, niandikwe kwamba sikuzaliwa. Mtu ambaye hakuzaliwa hana mjukuu, na shauri litakuwa limekwisha. Kuhusu Zamir, atajitetea mwenyewe. Cheti changu cha kuzaliwa nimekiambatanisha, kichaneni.

Nisalimie watumishi wote, mlinzi, na ng'ombe wake. Sayragul anakusalimu na anakuomba radhi, ingawa hasemi ya nini.

Ni mimi mlalamikaji, kwa jina nisilokuwa na jinsi nalo,

Tezekbay Kalmatov

N.B. Nilikuwa nimeshaikunja barua hii. Kumbe Sayragul alikwenda jikoni kumwambia mkamwana wetu yaliyomo. Meerim akaingia, kitambaa kichwani, mtoto mikononi, akasimama karibu na mlango, akainama kama inavyopasa. Akasema, "Baba, wale wawili wa kwanza nilikuwa nimeshawachagulia majina. Yalikuwa mazuri mno. Sitaki tena jina zuri. Nataka jina lililomfikisha mtu uzeeni."

Kisha akalitamka. Tezekbay. Taratibu, lote, mbele yangu, na paa halikuanguka. Sayragul aligeukia ukuta. Jina hilo nimeitwa na walimu, makamanda na walevi, lakini mtu wa mwisho kulitamka hivyo, kama anayekaza komeo la mlango, alikuwa mama. Nililia, na sioni haya kukuandikia.

Yote ya hapo juu yafute, isipokuwa salamu. Ningeandika barua nyingine, ila gari la posta limeshapiga honi. Cheti changu nirudishie. Farasi nimempa mtoto. Na karani wako, ambaye sasa namwona ni binti mwenye busara, aliandike jina hilo kwa herufi kubwa, wino mzito. Cheti tutakitundika mlangoni, upande wa nje, ili anayekuja alisome kabla hajabisha hodi.